Skonzi za mdalasini zisizoungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ramadhani inapokaribia, na tena Desemba ikiingia, huulizwa sana kuhusu skonzi za mdalasini, zile zinazoviringishwa kama jamvi kisha zikakatwa vipande. Wengi huziita roli. Kuzikanda watu wanajua, kwa sababu anayejua maandazi anajua na skonzi. Kinachowaumiza ni kuungua: unga umeliwa, siagi imeliwa, mayai yameliwa, halafu trei inatoka nyeusi chini. Nimeoka za kuuza kwa miaka minane hapa Dar es Salaam, mwanzo kwa jiko la mkaa, baadaye oveni ya gesi, sasa ya umeme. Nimeyaweka hapa majibu ninayoyarudia kila siku.

Kwa nini zinaungua chini wakati juu bado ni nyeupe?

Kwa sababu pale chini moto unakutana na sukari. Trei ikipata joto, siagi uliyoipaka ndani ndiyo inayoyeyuka kwanza. Inaichukua sukari na kuteremka nayo hadi kwenye bati, na hapo inakuwa shira. Donge lenyewe lina maji, na maadamu yale maji hayajakauka, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100. Shira haina kinga hiyo. Ikishapoteza maji yake inapanda pamoja na joto la bati mpaka 160, 170, na hapo sukari inaanza kugeuka: dhahabu, kahawia, nyeusi. Kutoka kahawia tamu hadi nyeusi chungu ni dakika mbili tatu tu.

Kwa hiyo ukitaka skonzi zisiungue, shughulika na chini. Juu utakuona kwa macho na utakuwahi. Chini huoni, na ndiko zinakoharibikia. Majibu mengi yaliyo hapa yanarudi kwenye jambo hilo moja.

Kwa anayetaka la kufanya leo hii: weka trei kwenye tundu la katikati la oveni, tandika karatasi ya kuokea, na chini ya trei yako weka trei nyingine tupu, zikae moja ndani ya nyingine. Ule upenyo mdogo wa hewa kati ya bati mbili unapunguza ukali wa moto wa chini. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ninazozijua, na huhitaji kununua kitu kama una trei mbili.

Niweke nyuzi ngapi na kwa dakika ngapi?

Nyuzi 175 hadi 180, dakika 22 hadi 28, kwa trei ya skonzi 12 zilizobanana. Oveni yenye feni ipunguze hadi 160, maana hewa inayozunguka inaoka kwa kasi. Oveni ya gesi yenye namba badala ya nyuzi, weka namba 4. Anza kuangalia dakika ya 18, hata kama unaliamini jiko lako.

Wapo wanaooka kwa 200 ili ziwahi. Kwa skonzi ndogo zinazokaa mbalimbali kwenye trei inafaa, maana zinaiva kwa dakika nane hadi kumi. Kwa hizi zilizobanana haifai kabisa. Pembeni zitaungua na katikati patabaki unga.

Nitajuaje kama oveni yangu inasema kweli?

Swali hili ningependa lingekuwa la kwanza kwa kila mtu. Oveni yangu ya kwanza ya umeme niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilikuwa safi, taa inawaka, kila kitu kinafanya kazi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na oda ya trei tatu za shughuli ya watu. Nikaweka 180 kama nilivyozoea. Dakika ya kumi na mbili nikanusa ile harufu kali ya sukari iliyovuka kiasi. Nilipofungua, juu zilikuwa za kahawia iliyokolea, na chini nilipoinua moja kwa kisu ilitoka kama kigae. Usiku ule nilioka upya zote tatu kwa jiko la mkaa, na zilifika asubuhi. Nilipokuja kununua kipimajoto cha oveni, kile kidogo cha kuning'iniza kwenye waya, niliona kwamba 180 ya oveni ile ni 215.

Tangu hapo siamini kitufe. Nenda kanunue kipimajoto. Kama hukipati, tumia sukari, kwa sababu sukari nyeupe ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka oveni kwenye 175, iache ipate moto dakika 20 kamili, kisha ingiza kijiko kimoja cha sukari juu ya kipande cha foili, dakika 15. Ikiyeyuka, oveni yako ina joto kuliko inavyosema. Isipoyeyuka, pandisha hadi 195 na uingize kijiko kingine cha sukari mpya. Hii nayo isipoyeyuka, oveni yako ina baridi kuliko inavyosema. Ukishajua inavyokosea, andika tofauti hiyo kwenye kipande cha karatasi na uibandike ubavuni mwa oveni.

Kuna na upande mkali. Oveni nyingi zina kona moja inayooka haraka kuliko nyingine. Panga slesi za mkate mweupe juu ya waya, zienee, uziache kwa 180 mpaka zianze kubadilika rangi. Utaona wenyewe ulipo moto. Mimi ya sasa ni kona ya nyuma kushoto, kwa hiyo dakika ya 14 naigeuza trei, mbele iende nyuma.

Sina oveni. Je, jiko la mkaa linawezekana?

Linawezekana, na skonzi zake zina harufu ambayo oveni haitoi. Mikono iliyonifundisha ni ya bibi yangu, Tanga, ambaye hakuwahi kumiliki oveni na alioka mkate wa kumimina kila Ijumaa. Kazi yote ni kupalia: moto chini na moto juu.

Washa mkaa nje au mahali penye upepo wa kutosha. Usiwashe ndani ukafunga madirisha, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana unaua. Subiri makaa yawe mekundu yakiwa yamefunikwa na jivu jeupe. Yakiwa bado yanatoa ndimi za moto, hayafai kuokea. Chukua sufuria kubwa nene, mwaga ndani mchanga safi mkavu kina cha vidole viwili, funika, uiache juu ya jiko dakika 15 ipate joto. Mchanga huo ndio unaovunja ukali wa chini na kuutawanya moto usikae mahali pamoja. Kama huna mchanga, panga vijiwe vitatu vya kulingana au kistuli cha waya, ili bati la skonzi lisiguse sufuria.

Kisha ondoa makaa mengi chini. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanaacha moto wa kupikia maharage chini ya skonzi. Bibi alikuwa akisema juu kuwe na sehemu mbili, chini sehemu moja, na mimi mpaka leo nafuata hivyo. Kwa bati la upana wa sentimita 22, lenye skonzi saba (sita pembeni, moja katikati), mimi huacha chini vipande vitano au sita vya ukubwa wa yai, na juu ya kifuniko kumi au kumi na mbili, nikivipanga pembeni kwa duara. Katikati ya kifuniko naacha wazi, kwa sababu skonzi ya katikati ndiyo inayoinuka zaidi na kukaribia moto. Kifuniko kiwe bapa, au tumia sinia la bati.

Dakika kumi za mwanzo usifunue. Baada ya hapo, geuza sufuria robo mzunguko kila dakika tano, maana upepo unachochea upande mmoja wa jiko kuliko mwingine. Funua dakika ya 15 uangalie. Kama juu kumeanza kupata rangi, ondoa makaa yote ya chini. Joto la mchanga linatosha kumalizia. Kwa kawaida zinaiva kati ya dakika 25 na 30. Unapofunua, inua kifuniko wima kwanza kisha ndio ukisogeze pembeni, vinginevyo jivu litaingia kwenye skonzi.

Na jiko la gesi la kawaida, bila oveni?

Ni sufuria ile ile yenye mchanga, moto mdogo kabisa, na kifuniko kilichofungwa kitambaa kwa ndani ili mvuke usidondoke. Ncha za kitambaa zifunge juu ya mkono wa kifuniko, zisining'inie karibu na moto. Zitaiva kwa dakika 35 hadi 40, zitakuwa laini, ila juu zitabaki nyeupe kwa sababu hakuna moto wa juu. Mimi huzipaka siagi na aisingi, yaani ile krimu tamu ya kupaka juu, na anayekula haulizi. Usipandishe gesi kutafuta rangi ya juu. Hutaipata, na chini utaunguza.

Naomba vipimo.

Donge la skonzi 12: unga wa ngano gramu 500, maziwa ya uvuguvugu mililita 240, yai 1, sukari gramu 60, siagi laini gramu 75, hamira ya chenga gramu 7, chumvi kijiko kimoja cha chai, na iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Maziwa yawe ya joto la mwili wako, ukichovya kidole usisikie moto wala baridi. Yakipita nyuzi 55 hivi hamira inaanza kufa.

Kanda dakika kumi kwa mkono, mpaka ukivuta kipande kidogo kinyooke kama utando bila kukatika. Litanata mwanzoni. Vumilia, usiongeze unga ovyo, maana donge gumu hutoa skonzi kavu, na skonzi kavu mtu hujaribu kuirekebisha kwa kuongeza siagi ndani, ambayo ndiyo hiyo inayovuja. Funika mpaka liumuke mara mbili. Dar mwezi wa Februari ni dakika 45. Iringa mwezi wa Julai inaweza kuwa saa mbili.

Ndani: siagi laini gramu 60, sukari ya kahawia gramu 100, mdalasini wa unga vijiko viwili vya chakula, unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula, chumvi kidogo sana.

Sukuma donge kwenye kibao kilichonyunyizwa unga kidogo, upate mstatili wa sentimita 30 kwa 45. Paka siagi, nyunyiza mchanganyiko, acha ukingo mmoja mrefu mtupu kama upana wa kidole ili ushikane. Viringisha kwa kukaza kiasi. Kata kwa uzi safi: upitishe chini ya gogo, zivushe ncha zake juu, uvute. Kisu kinabonyeza, uzi haubonyezi. Panga kwenye trei iliyopakwa siagi na kutandikwa karatasi, ya sentimita 23 kwa 33, funika, ziumuke tena dakika 30 hadi 40, mpaka ukibonyeza kwa kidole alama irudi polepole.

Sukari yangu inavuja yote na kuganda chini kama peremende nyeusi. Nimekosea wapi?

Angalia mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Siagi uliyopaka ilikuwa imeyeyuka? Siagi ya ndani iwe laini kama losheni, isiwe maji. Sisi wa pwani tuna tabu hiyo: siagi huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu, na jikoni kwetu mchana wa Januari pamekaribia hapo. Skonzi zikiwekwa juani au karibu na jiko ziumuke "haraka", siagi inatoka hata kabla hujaoka. Ziweke chumbani kwenye kivuli. Hamira itafanya kazi yake.

Ulikaa nazo muda gani baada ya kunyunyiza sukari? Sukari huvuta maji kutoka kwenye donge. Ukiacha donge lililonyunyizwa likusubiri umalize kuongea na simu, utakuta limelowa. Nyunyiza, viringisha, kata, bila kupumzika.

Uliweka ule unga kijiko kimoja? Huo ndio unaofyonza shira na kuishikilia ndani. Wengine hutumia unga wa mahindi laini ule wa kukolezea mchuzi, nao unafaa.

Na kama umebadilisha sukari ukaweka asali, jua kwamba asali ina fruktosi nyingi, ambayo inaanza kugeuka rangi kwenye joto la chini sana kuliko sukari ya kawaida. Sukari guru nayo inawahi kukolea. Zote mbili zina ladha nzuri. Oka kwa 165 na uongeze dakika chache.

Kwa nini nisichanganye mdalasini kwenye donge lenyewe?

Kidogo sana hakuna neno. Ukizidisha, donge litachelewa kuumuka au ligome kabisa. Kile kinachoupa mdalasini harufu yake, kinachoitwa sinamaldehidi, ndicho kinachoizuia hamira kufanya kazi. Uweke ndani ya mviringo, mbali na hamira. Kwenye donge weka iliki, ambayo haina ugomvi.

Mdalasini upi ni mzuri?

Kuna aina mbili sokoni, na ukizijua huwezi kuzichanganya tena. Mmoja una magome membamba yaliyojikunja tabaka juu ya tabaka kama sigara, unavunjika kwa vidole, rangi yake ni ya udongo mwepesi. Huo ndio unaopandwa Zanzibar, na ukienda mashamba ya viungo ya Kizimbani watakubandulia gome mbele yako. Na mzizi wa mti huo ukiukwaruza unanukia kama dawa ya mafua. Mwingine ni gome nene gumu lililojikunja mara moja tu, jekundu zaidi, mkali ulimini. Huo wa pili huitwa kasia, na mdalasini mwingi wa unga unaouzwa kwenye pakiti ni huo.

Kwa skonzi mimi huchanganya nusu kwa nusu. Kasia ina nguvu ya kuvumilia oveni, wa Zanzibar una utamu wa harufu. Ila anayekula mdalasini kila siku ajue kwamba kasia ina kumarini, ambayo ikizidi kwa muda mrefu hudhuru ini. Kwa skonzi za mwisho wa wiki hilo lisikusumbue. Na saga mwenyewe ukiweza. Mdalasini uliokaa mwaka mzima kwenye kopo unakuwa kama vumbi la mbao, na mtu huongeza vijiko vitano akitafuta harufu ambayo haipo.

Watu wakila zangu husema, "hizi zina ladha ya mahamri." Ni ile iliki. Nilidhani ni mambo ya pwani peke yetu, mpaka nilipojua kwamba Wasweden, ambao skonzi zao za mdalasini huziita kanelbulle na wamezitengea siku yake, tarehe 4 Oktoba, tangu 1999, nao hutia iliki kwenye donge. Kitu kilichotoka nchi za joto kimefika kule kwenye theluji na kikakaa mahali pale pale tulipokiweka sisi.

Trei ya namna gani?

Ya alumini, rangi nyepesi. Trei nyeusi inavuta joto na kuunguza chini mapema, kwa hiyo kama ndiyo uliyonayo punguza nyuzi 10 hadi 15. Ya kioo inachelewa kupata joto, lakini ikishalipata haliachii. Hata ukiitoa nje chini kunaendelea kuiva, basi itoe dakika mbili kabla.

Nifunike foili lini?

Zikishapata rangi ya dhahabu unayoipenda, hata kama muda haujafika. Mara nyingi ni dakika ya 15 hadi 18. Iweke juu kwa kulegeza, kama kitambaa juu ya kawa, isizibe kingo. Ukiziba, mvuke utazifanya ziwe kama zimechemshwa. Waliopaka yai juu wafunike mapema zaidi, maana ute wa njano hukolea haraka. Mimi siku hizi napaka maziwa tu.

Nitajuaje ndani zimeiva bila kuziacha mpaka zikauke?

Kipimajoto cha kuchoma kinatoa jibu safi: katikati ya skonzi ya katikati isome 88 hadi 92. Bila kipimajoto, chukua ncha ya kisu, inua kidogo mviringo wa ndani wa ile ya katikati. Ukiona nyuzinyuzi za mkate, zimeiva. Ukiona kinachong'aa na kunata, rudisha dakika nne na foili juu.

Nami natumia pua. Harufu zinakuja kwa zamu. Kwanza utanusa hamira na mkate mbichi. Kisha mdalasini unajaa nyumba, na watoto wanaanza kuuliza. Bado. Baadaye kidogo inaingia harufu ya tatu, ya siagi na sukari iliyoanza kuwa kahawia, kama ya kashata inapokaribia kuepuliwa. Hapo simama, fungua oveni, angalia. Ukingoja harufu ya nne umechelewa.

Niko Nairobi. Vipimo vya Dar vinafaa?

Vinafaa, kwa uangalifu mdogo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, sawa na Mbeya, na huko maji huchemka karibu nyuzi 94. Hewa nyepesi huliachia donge lifure haraka likishapata joto, kwa hiyo litazame donge, saa isikudanganye. Punguza hamira iwe gramu 5 na ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa, kwa sababu unga wa bara mara nyingi ni mkavu zaidi. Ndani zikifika 88, toa. Ukisubiri zaidi zitakauka.

Oveni ndogo ya mezani inaniunguzia juu. Nifanyeje?

Koili zake ziko karibu mno na chakula. Oka skonzi sita tu, kwenye tundu la chini, nyuzi 160, na weka foili tangu dakika ya nane. Kama ina kitufe cha kuchagua moto, tumia wa juu na wa chini pamoja, usitumie wa juu peke yake. Vile vikaango vya hewa ya moto ni ndugu zake: 150, dakika 12 hadi 14, skonzi nne, na karatasi chini.

Naweza kuziandaa usiku nikaoka asubuhi?

Ndiyo, na hivyo ndivyo nifanyavyo kwa oda za asubuhi. Ukishazipanga kwenye trei, funika vizuri uziweke kwenye friji saa 8 hadi 12. Asubuhi zitoe zikae nje dakika 45 hadi saa nzima. Zikiingia zikiwa za baridi, nje zitapata rangi wakati ndani bado ziko usingizini, nawe utaongeza muda mpaka ziungue. Umeme ukikatika usiku, usifungue friji. Ukirudi asubuhi na ukazikuta zimefura, ruka kule kuzitoa nje, zioke mara moja.

Zimeungua tayari. Nitupe?

Usitupe kabla hujaangalia. Zigeuze zikiwa bado na moto, dakika tano baada ya kutoka. Zikipoa ile shira inaganda kama kioo. Kama weusi uko chini tu, ukate kwa kisu cha meno, kipande chembamba, mpaka ufikie rangi ya kahawia. Onja. Uchungu ukiwa umeondoka, paka maziwa yenye sukari kidogo upande uliokatwa ili usikauke. Kama uchungu umepanda mpaka ndani, sukari haitaufunika, na aisingi nyingi itafanya iwe na ladha mbili mbaya badala ya moja. Hiyo iache. Usimuuzie mtu.

Zilizokauka tu bila kuungua zikate vipande, mimina juu maziwa yaliyopigwa na mayai mawili na sukari kidogo, rudisha kwenye oveni dakika 25. Nyumbani kwangu wapo wanaopenda hiyo kuliko skonzi zenyewe.

Aisingi ya juu bila jibini ya krimu, maana bei yake?

Mtindi mzito. Chuja vikombe viwili kwenye kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji, asubuhi utakuta umebaki kama jibini laini. Piga na sukari ya unga gramu 100, siagi kijiko kimoja na vanila. Ladha yake ina uchachu unaokata utamu, na kwangu mimi inaishinda ile ya dukani. Wasiotumia maziwa wachukue tui zito la kwanza lililolala kwenye friji, wapige ile krimu ya juu na sukari ya unga.

Zipake skonzi zikiwa vuguvugu, dakika 15 baada ya kutoka. Zikiwa na moto aisingi inateremka yote hadi kwenye trei.

Zinakaa siku ngapi, na nizipashe vipi?

Siku mbili nje kwenye chombo kilichofungwa, zisipokuwa na aisingi ya maziwa. Zenye aisingi hiyo ziingie friji. Ukitaka za kukaa zaidi, zigandishe bila aisingi, zinafika mwezi mmoja.

Kupasha ndiko wengi wanakounguza skonzi zilizokwishaokwa vizuri. Sukari ya chini imekwisha kuwa kahawia mara moja, haina safari ndefu kufika nyeusi. Nyunyiza matone ya maji, funika na foili, nyuzi 150, dakika nane. Kwa sufuria, weka kikombe kidogo cha maji ya moto pembeni, funika, moto mdogo, dakika tano. Na zile za kwanza kutoka, kula moja ukiwa umesimama pale pale jikoni, kabla wenzio hawajafika mezani.